Barua kwa Mhariri: Mionzi, feleji na sumaku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu dai ambalo limezoeleka mno kwenye kurasa za sayansi, kwamba mionzi “hufuta” sumaku ya metali, na kwamba kadiri metali inavyozidi kukaa kwenye mionzi ndivyo usumaku wake unavyokwisha. Dai hilo lina ukweli kwa kundi moja tu, yaani sumaku za kudumu, na hata huko sababu inayotajwa kwa kawaida siyo. Kwa feleji ya kawaida ni kosa. Tena zipo aloi, yaani michanganyiko ya metali, ambazo kabla ya mionzi sumaku haizishiki hata kidogo, na baada ya mionzi inazishika barabara.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila mara. Kuna kiwango cha kushiba, yaani usumaku wa juu kabisa ambao metali inaweza kufikia ukiiweka kwenye uga mkali. Hicho hutegemea atomu zenyewe na majirani zake. Kwa chuma safi kila atomu huchangia takriban magnetoni 2.2 za Bohr, kipimo cha sumaku ya atomu moja. Kisha kuna ukaidi wa metali, ambao wataalamu huupima kwa koasiviti: uga wa kinyume unaotakiwa ili kuurudisha usumaku hadi sifuri. Ukaidi hutegemea jinsi kuta za domeni zinavyotembea ndani ya fuwele. Domeni ni maeneo ambamo atomu zote zimeelekeza sumaku zao upande mmoja, na ukuta ni mpaka kati ya eneo moja na jingine. Mionzi ndani ya kinu cha nyuklia haipunguzi idadi ya atomu za chuma kwa kiasi cha kuonekana. Inazihamisha. Kwa hiyo kushiba kwa feleji hubaki karibu palepale, ila kuta za domeni sasa zinapita katika ardhi iliyovurugwa. Mtu akiandika kwamba “sumaku imepungua kwa asilimia fulani” bila kusema amepima kipi kati ya hivyo viwili, hajatuambia kitu.

Atomu huhamishwaje? Nyutroni haina chaji, hivyo hupita wingu la elektroni bila kuzuiwa na kwenda kugonga kiini moja kwa moja. Nyutroni yenye elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe ndogo) milioni 1 ikigonga kiini cha chuma inaweza kukipa nishati isiyozidi elektronivolti 69,000 hivi, na kwa wastani nusu yake. Kuing'oa atomu ya chuma mahali pake kunahitaji wastani wa elektronivolti 40. Atomu iliyogongwa inaondoka kwa kasi, inagonga za jirani, nazo zinagonga nyingine. Kanuni inayotumika tangu 1975, ya Norgett, Robinson na Torrens, kwanza inaondoa nishati inayopotelea kwenye elektroni, kisha inazidisha kilichobaki kwa 0.8 na kukigawanya kwa mara mbili ya kizingiti cha kung'oa. Kwa pigo la wastani nililolitaja unapata jozi kati ya 200 na 300, kila jozi ikiwa ni nafasi moja iliyoachwa tupu na atomu moja iliyojipenyeza mahali pasipo pake.

Hapo ndipo wengi husimama, na ndipo hesabu inapowapoteza. Mporomoko huo wote hutokea katika eneo lenye upana wa nanomita chache, na huchukua chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Eneo hilo huwa na joto kupita kiwango cha kuyeyuka kwa chuma, kisha hupoa katika muda wa mara kumi hivi ya huo, na wakati wa kupoa atomu nyingi hurudi kwenye nafasi za kimia, yaani mpangilio wa atomu ndani ya fuwele, ingawa si lazima nafasi zilezile. Kwa chuma, kinachobaki baada ya mporomoko mkubwa ni kama theluthi moja ya jozi zilizohesabiwa. Kipimo kinachoitwa dpa, yaani wastani wa mara ambazo kila atomu imehamishwa, kinatokana na hesabu ile ya mwanzo. Ni kipimo cha nishati iliyotumika kuvuruga. Si idadi ya majeraha yaliyobaki, na hakikukusudiwa kuwa hivyo.

Linganisha na elektroni. Elektroni yenye elektronivolti milioni hiyohiyo 1 ni nyepesi mno. Nishati kubwa kabisa inayoweza kuipa atomu ya chuma ni elektronivolti 78 hivi. Inaweza kutengeneza jozi moja, wala hakuna mporomoko. Mionzi ya gama nayo huharibu metali kupitia elektroni inazozirusha, kwa hiyo madhara yake kwa kimia ni madogo sana ikilinganishwa na nyutroni za kasi. Ndiyo maana kutaja grei peke yake, kipimo kinachofaa kwa tishu za mwili na plastiki, hakusaidii kitu kwenye metali. Grei huhesabu nishati yote iliyomezwa, na katika metali sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia kwa elektroni huru, inageuka joto, basi. Plastiki ya waya huchakaa kwa hali hiyo. Shaba iliyo ndani ya waya haijui kama kuna lililotokea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makala nyingi huliruka, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Usumaku haukai pembeni kungoja kuharibiwa. Unaamua hata umbo la uharibifu. Atomu iliyojipenyeza katika chuma haielei ovyo kati ya nyingine. Inaungana na atomu mwenye nafasi, zote mbili zinabanana kwenye nafasi moja ya kimia kama abiria wawili kwenye kiti cha mmoja. Swali ni wamekaa wakielekea wapi. Katika metali zenye kimia kilekile cha mchemraba wenye atomu katikati, kama tangisteni na molibdeni, jozi hiyo hulala kwenye ulalo mrefu wa mchemraba, yaani mwelekeo wa 111, na huteleza upesi mno kwenye mstari huo. Katika chuma hulala kwenye ulalo wa uso wa mchemraba, mwelekeo wa 110, na tofauti ya nishati kati ya mielekeo hiyo miwili ni kama elektronivolti 0.7. Tofauti hiyo kubwa inatokana na usumaku. Atomu mbili zilizobanwa hupoteza karibu sumaku yake yote, na thamani ndogo inayobaki huelekea kinyume cha majirani. Huku atomu zinazopakana na nafasi tupu, zikiwa zimepata pa kupumulia, sumaku zake huongezeka kidogo. Ukiondoa usumaku kwenye hesabu, chuma kinaishia kufanana na tangisteni, na kasi ya majeraha kutembea inatoka makosa. Kwa hiyo mtu anayetaka kutabiri tangi la kinu litakuwaje baada ya miaka 40 hana budi kuanza na sumaku ya atomu mbili zilizobanana.

Vivyo hivyo kwa aloi za chuma na kromi. Atomu ya kromi ndani ya chuma hupenda kuelekeza sumaku yake kinyume na ya chuma. Zikiwa chache na mbalimbali, kila moja inapata itakacho. Zikikaribiana, haziwezi kuwa kinyume na chuma na papo hapo kuwa kinyume zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zinagharimu nishati. Kromi ikizidi asilimia 9 hivi katika joto la vinu, ziada hujitenga na kufanya vishada vyenye kromi nyingi, ambavyo huifanya feleji iwe ngumu na rahisi kupasuka. Bila mionzi, kujitenga huko kwa nyuzi 300 za Selsiasi kungechukua muda usioweza kusubiriwa. Mionzi huijaza metali nafasi tupu, na nafasi tupu ndizo gari la atomu kusafiria.

Gari hilohilo ndilo chanzo cha tatizo la matangi ya shinikizo, vyombo vya feleji vinavyobeba fueli ya kinu. Tangi la kinu cha maji mepesi, yaani kinachopozwa kwa maji ya kawaida, ni feleji yenye aloi kidogo, hufanya kazi kwa nyuzi 290 hivi, na katika maisha yake ukuta wake wa ndani hupokea nyutroni za kasi zipatazo 10 kwa kipeo cha 19 kwa kila sentimita mraba, au mara kadhaa ya hapo kwa matangi mengine. Kwa dpa hiyo ni kidogo, kwa kawaida haifiki hata 0.1. Ukiitazama namba hiyo unaweza kudhani hakuna la kuogopa. Lakini mishono ya zamani ilichomelewa kwa waya uliopakwa shaba ili usishike kutu, na shaba ikaingia kwenye mshono kwa asilimia 0.2 hadi 0.3. Chuma kwa joto hilo hakiwezi kubeba shaba kiasi hicho. Nyutroni zikileta nafasi tupu, shaba husafiri na kujikusanya katika vijichembe vya nanomita 2 au 3, ikifuatana na nikeli, manganizi na silikoni. Vijichembe hivyo huzuia dislokesheni, yaani mistari ndani ya fuwele ambayo kusogea kwake ndiko kunaifanya metali ipinde badala ya kupasuka. Matokeo hupimwa kwa nyundo ya Charpy: joto ambalo kipande hufyonza jouli 41 kinapovunjwa hupanda. Sheria za Marekani huweka kizingiti cha ukaguzi kwenye joto rejea, linalokadiriwa kutokana na kupanda huko, la nyuzi 132 kwa bamba na mishono ya wima, na 149 kwa mishono ya mzunguko. Vinu vya Kirusi vya VVER-440, ambako fosforasi ilichangia pamoja na shaba, viliwahi kupashwa moto tangini kwa nyuzi 420 hadi 475 kwa saa 100 hadi 150, na sehemu kubwa ya unyumbufu ikarudi.

Hapo ndipo huja wazo la kupima tangi kwa sumaku badala ya kuvunja vipande. Wazo si baya, tena lina kazi nyingi nzuri nyuma yake. Ila linauzwa kwa urahisi uliopitiliza, kwa hiyo niseme kwa nini sindano ya mita haitakupa jibu la moja kwa moja. Ukuta wa domeni katika chuma una unene wa nanomita makumi kadhaa. Kijichembe cha shaba kina nanomita 2 au 3. Ukuta huzuiwa zaidi na kitu kinachokaribia unene wake. Kitu kidogo kuliko hapo unakifunika na kupita. Dislokesheni kwa upande wake ni nyembamba kiasi cha nafasi chache za atomu, na kijichembe kilekile kinaikwamisha hasa. Kwa hiyo ugumu wa feleji unaweza kupanda sana huku koasiviti ikisogea kidogo tu, au ipande kisha ishuke, kwa kuwa mionzi na joto pia hulegeza mikazo ya ndani iliyokuwepo tangu kiwandani, na mikazo hiyo ilikuwa inazuia kuta. Zaidi ya hayo, feleji ya tangi imejaa kabaidi (vijichembe vya metali na kaboni) na mipaka ya chembe, yaani ya fuwele ndogondogo zinazoijenga, ambavyo tayari vimeipa koasiviti kubwa. Chuma safi kilichopashwa moto na kupoa polepole kina koasiviti chini ya ampea 100 kwa mita, na humo jeraha dogo linaonekana. Katika feleji ya tangi unatafuta nyongeza ndogo juu ya rundo.

Anayepima kipande cha Charpy, chenye milimita 10 kwa 10 kwa 55, lazima kwanza akiondolee usumaku kwa uga unaogeukageuka huku ukipungua taratibu hadi sifuri, maana kipande kinakumbuka kila kilichokigusa, pamoja na koleo la sumaku lililokibeba. Kisha hukifungia kati ya miguu ya kiini cha chuma laini chenye umbo la U, ili mkondo wa sumaku ufunge duara. Pengo la sehemu ya kumi ya milimita kati ya mguu na kipande, likitokana na kutu au tone la rangi, linatosha kuulaza mchoro wa histeresisi, yaani wa usumaku uga ukigeuzwa huku na huku, na kufanya feleji nzima ionekane imebadilika. Kasi ya kugeuza uga nayo ina lake: kwa mizunguko 10 kwa sekunde, mikondo ya umeme inayozuka ndani ya feleji huzuia uga usipenye zaidi ya milimita 5 hivi, kwa hiyo katikati ya kipande panapimwa nusunusu. Ni heri mzunguko 1 kwa sekunde au pungufu. Joto la kipande liandikwe. Na kipande cha kulinganishia kisiwe kile kilichokaa kabatini. Kiwe kimepashwa joto lilelile la kinu kwa muda uleule bila nyutroni, vinginevyo uzee wa joto utahesabiwa kama jeraha la mionzi.

Wapo wanaopenda kelele za Barkhausen, zilizogunduliwa 1919: ukuta wa domeni hausogei kwa utulivu bali kwa kurukaruka, na kila mruko husikika kwenye koili. Ni kipimo kikali, chepesi kuhisi. Tatizo ni kwamba sauti hizo, zikisikilizwa kwenye masafa ya makumi ya maelfu ya mitetemo kwa sekunde na kuendelea, hutoka kwenye ngozi ya juu tu, sehemu ndogo ya milimita. Kipande kilichosagwa kwa mashine kikapata mkazo usoni kitakueleza habari za mashine, si za nyutroni. Na kwenye tangi halisi uso wa ndani mara nyingi umefunikwa kwa tabaka la feleji isiyoshika kutu lenye milimita kadhaa, lililochomelewa, ambalo lenyewe lina chembe za feriti, umbo la chuma lenye kimia cha mchemraba wenye atomu katikati, zinazoshikwa na sumaku. Unapima blanketi ukidhani ni mgonjwa.

Kwa maoni yangu, vipimo vya sumaku vifuatane na vipande vya ushahidi vilivyowekwa ndani ya tangi, kila kipande kikipimwa kwa sumaku kabla ya kuvunjwa kwa nyundo. Vikipimwa hivyo kwa feleji moja, kwa mshono mmoja, uhusiano hupatikana na una manufaa. Kuuhamishia uhusiano huo kwa feleji nyingine yenye shaba au nikeli tofauti ni kubahatisha.

Upande wa feleji isiyoshika kutu mambo hugeuka. Aina ya kawaida ina kromi asilimia 18 na nikeli 8 hivi, kimia chake ni cha mchemraba wenye atomu kwenye nyuso, na sumaku haiishiki. Nikeli ndiyo inayolishikilia umbo hilo. Sasa nafasi tupu zinazozalishwa na mionzi humiminika kwenda kwenye mipaka ya chembe na kwenye matundu, yaani vishimo vidogo vinavyojengwa na nafasi tupu zikikusanyika, na atomu hupishana nazo kwa kasi zisizolingana: kromi huondoka mipakani, nikeli na silikoni hubaki na kurundikana. Mpaka uliopungukiwa kromi katika ukanda wa nanomita chache huwa mlango wa nyufa ndani ya maji ya moto. Na nikeli ikirundikana kuzunguka matundu, feleji iliyo kati ya matundu hupungukiwa nikeli hadi umbo lake haliwezi kusimama tena, linageuka feriti. Feriti hushikwa na sumaku. Hali hiyo imeonekana katika feleji zilizokaa kwenye vinu vya nyutroni za kasi, na kipande cha namna hiyo kikipindwa baadaye, sehemu iliyopindwa hugeuka kwa wingi zaidi. Hapo sumaku inayoning'inia kwenye uzi ni kifaa halali cha uchunguzi, mradi mtu ajue kwamba feleji ya asilimia 18 na 8 iliyofinyangwa baridi kiwandani, au mshono wake, hushikwa kidogo na sumaku hata kabla ya kuona nyutroni. Apime kabla, aandike.

Matundu yenyewe yalitangazwa 1967 na Cawthorne na Fulton, waliochunguza feleji kutoka kinu cha Dounreay huko Uskoti. Mpaka wakati huo wabunifu wa vinu hawakuwa wameyaweka kwenye michoro. Kati ya nyuzi 400 na 600 hivi feleji hii hukaa kimya kwa dpa kadhaa, au hata makumi, kutegemea muundo wake, kisha huanza kuvimba kwa takriban asilimia 1 ya ujazo kwa kila dpa 1. Ikifika asilimia 20, fimbo ya mita 1 imerefuka kwa sentimita 6 hivi, na nafasi za kupitisha kipoza zimebanwa. Feleji zenye umbo la feriti na kromi asilimia 9 hadi 12 huvimba kwa kiasi cha asilimia 0.2 kwa dpa, na ndizo zinazopendelewa kwa vinu vya muunganiko. Gharama yake ni kwamba zinashikwa na sumaku, hivyo huupindisha uga unaoifunga plazma, ile gesi ya moto mno ya vinu hivyo, na hilo nalo lazima lihesabiwe.

Nilisema zipo aloi ambazo mionzi huzipa sumaku. Mfano safi kabisa ni chuma asilimia 60 na aluminiamu 40. Ikipangwa vizuri, safu ya chuma ikipishana na safu iliyojaa aluminiamu, atomu za chuma hazipati majirani wa chuma wa kutosha na aloi haina usumaku wa kudumu kwenye joto la chumba. Ipige kwa ioni za neoni zenye elektronivolti 20,000 katika utando wa nanomita 40, kiasi cha kati ya 10 kwa kipeo cha 14 na cha 15 kwa sentimita mraba, na mpangilio unavurugika, chuma hukutana na chuma, utando unashikwa na sumaku. Ukiupasha hadi nyuzi 500 hivi, mpangilio unarudi na sumaku inatoweka. Kwa kutumia kinyago chenye vitobo watu huchora sumaku ndogondogo juu ya utando bila kukata kitu. Kinyume chake ni tabaka nyembamba za kobalti na platini, ambako usumaku uliosimama wima hutegemea ukali wa mpaka kati ya tabaka: kazi iliyochapishwa 1998 na Chappert na wenzake ilionyesha kwamba ioni za heli huchanganya mpaka huo kidogokidogo na kuulaza usumaku, uso ukibaki laini vilevile.

Na nyutroni hazivurugi tu. Mwaka 1962 kule Grenoble, Ufaransa, Louis Néel na wenzake waliweka aloi ya chuma na nikeli nusu kwa nusu kwenye nyutroni, kwa nyuzi 295, ndani ya uga wa sumaku. Aloi hiyo ina mpangilio mzuri wa tabaka chini ya nyuzi 320, lakini kwenye joto hilo atomu hutembea polepole kiasi kwamba mpangilio huo ulikuja kujulikana kwa asili katika vimondo tu, vilivyopoa kwa mamilioni ya miaka. Nafasi tupu zilizoletwa na nyutroni ziliiharakisha safari hiyo, na ikatoka sumaku yenye mwelekeo mmoja mkali.

Nimalizie na sumaku za kudumu, zile zinazopangwa kwenye vichapuzi vya elektroni na kwenye pampu au mota zilizo karibu na shabaha za protoni. Hizi kweli hupoteza nguvu. Lakini fuwele haijaharibiwa kwa kiasi kinacholingana na hasara. Pigo moja linapasha eneo la nanomita chache kupita halijoto ya Curie, ambayo juu yake usumaku hutoweka, na ambayo kwa neodimi-chuma-boroni ni nyuzi 312 tu. Likipoa ndani ya uga wa kinyume unaotoka kwenye sumaku yenyewe, linaweza kupoa likielekea upande mwingine. Katika neodimi-chuma-boroni mbegu hiyo ya kinyume huenea hadi kuijaza chembe nzima, maana ndani ya chembe hakuna cha kuuzuia ukuta. Katika samari-kobalti ya 2 kwa 17 (atomu 2 za samari kwa 17 za kobalti), ambayo halijoto yake ya Curie ni karibu nyuzi 800, mbegu ni ngumu kuzaliwa na ikizaliwa hukwama kwenye vijumba vidogo vya muundo wake. Palipo na nyutroni za polepole, boroni huongeza balaa: moja ya tano ya boroni ya asili ni boroni 10, inayomeza nyutroni hizo kwa pupa na kulipuka kuwa alfa na lithi zenye jumla ya elektronivolti milioni 2.3 hivi, ndani ya sumaku penyewe.

Kutokana na hayo, sumaku nyembamba bapa huathirika kuliko ndefu ya nguvu ileile, kwa sababu uga wake wa kinyume ni mkubwa. Sumaku iliyopozwa hustahimili kuliko yenye joto. Na daraja lenye koasiviti kubwa hustahimili kuliko lenye uga mkubwa. Anayeagiza kwa kuangalia uga pekee anaagiza hasara. Sumaku iliyodhoofika irudishwe kwenye mashine ya kusumakisha na kupimwa upya. Ikirudi karibu kabisa na thamani ya mwanzo, zilikuwa domeni zilizogeuka. Isiporudi, ndipo atafute jeraha la fuwele, au kutu, au gundi iliyoachia na kuisogeza sumaku kutoka mahali pake. Yote hayo yafanywe baada ya kupima mionzi inayotoka kwenye kipande chenyewe. Samari-kobalti inayostahimili vizuri namna hiyo ina kobalti, nayo ikikaa kwenye nyutroni huzaa kobalti 60, yenye nusu-uhai wa miaka 5.27, na fundi anayeishika mkononi hana njia ya kuijua kwa macho.

Wasalaam,
Mhandisi wa metali